Barua ya wazi kwa mnaoendesha mikutano ya jamii: mnatualika wote ila mnasikiliza wachache

Kwa Mwenyekiti, Katibu, wajumbe wa kamati na wawezeshaji wote wa mijadala ya jamii

YAH: MAZUNGUMZO YA VIKUNDI YANAYOACHA WATU NJE

Waheshimiwa viongozi wetu, salamu nyingi na poleni na majukumu.

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Naandika hapa hadharani kwasababu njia za ndani zimegoma. Nilianza kwa kuongea na katibu pembeni baada ya mkutano, akanisikiliza vizuri tu na akasema atalifikisha. Nikaandika barua, nikajibiwa imepokelewa na itafanyiwa kazi. Nikatumbukiza na karatasi kwenye sanduku la maoni, hilo ndo sijui hata kama lina mtu wa kulifungua. Mikutano imeendelea vilevile. Sijaja kumchafua mtu, hamna jina la mtu humu, na najua wengi wenu mnajitolea, mnatoka kwenye shughuli zenu mmechoka mnakuja kukaa na sisi masaa kadhaa, na kwa hilo nawashukuru kwa dhati. Lakini kuna watu wanakaa kwenye hiyo mikutano mwanzo mpaka mwisho wanaondoka hawajasema hata neno moja, alafu yanayoamuliwa pale yanawagusa wao kuliko sisi tunaoongea. Hilo ndo linaniuma.

Hoja yangu ni hii: mnahesabu walioingia ukumbini na kusaini karatasi ya mahudhurio mkiamini huo ndo ushirikishwaji, wakati namna mkutano unavyoendeshwa ndo inayoamua nani ataongea na nani atabaki kutazama. Watu wakikaa kimya mnasema wana uoga, au hawana mwamko. Mimi nasema ule ukimya unatengenezwa na utaratibu wetu wenyewe, na utaratibu unabadilishika.

Naomba niyataje moja moja.

1. "Kuna mwenye swali? Hakuna? Haya tuendelee."

Mheshimiwa Mwenyekiti, hayo maneno unayasema kwa pumzi moja. Mkutano uliopita nilikaa nyuma, jirani yangu alikuwa mama mwenye mtoto mchanga. Ulipouliza akamhamisha mtoto bega la kulia kwenda la kushoto ili apate mkono wa kunyoosha, na mkono haujafika hata usawa wa sikio we ushasema haya tuendelee. Akaushusha, na hakuunyanyua tena mpaka tunafunga. Alichotaka kuuliza aliniambia mimi wakati tunatoka: wale waliojiandikisha kwa utaratibu wa zamani wanahamia vipi kwenye mpya, wanaanza upya foleni au majina yao yanabebwa? Mpaka leo hakuna anayejua jibu, na wanaohusika ni wengi. Swali zuri kuliko yote ya siku ile lilitoka nje ya ukumbi na mwenye nalo.

Hili la kusubiri limechunguzwa zamani sana. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alirekodi walimu wakiwa darasani na mwaka 1974 akaeleza alichokikuta: mwalimu akishauliza swali anasubiri kama sekunde moja tu, alafu anarudia swali, anamtaja mwingine au anajibu mwenyewe. Walimu walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yakawa marefu, wakaanza kuuliza maswali yao wenyewe, na wale walioonekana wazito nao wakaanza kuchangia. Sekunde tatu, basi.

Kwenye maongezi ya kawaida kasi ni kubwa zaidi. Kuna utafiti uliolinganisha lugha kumi za sehemu mbalimbali za dunia, ukatoka mwaka 2009, na ukakuta kwamba kwa wastani, kati ya mtu kumaliza kuuliza na mwingine kuanza kujibu kunapita kama sehemu ya tano ya sekunde. Sasa mfikirieni mtu ambaye anatafsiri kwanza kichwani kwasababu lugha ya mkutano sio aliyokulia nayo, au mwenye kigugumizi, au ambaye hajawahi kushika maiki maisha yake yote na moyo unamdunda. Huyo anapenyea wapi? Akiwa tayari na sentensi yake mada imeshahama, na akiileta hivyohivyo mtamwambia hilo tumeshalipita.

Ninachotaka hapa ni kidogo mno. Ukishauliza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Utahisi umekaa kimya siku nzima, vumilia tu. Na uliza kwa namna inayoonyesha unategemea maswali yawepo, sema "nipeni maswali mawili matatu kabla hatujaenda mbele," maana "kuna mwenye swali?" inasikika kama unaomba ruhusa ya kuendelea.

2. Anayeongea kwanza ndo anaamua

Utaratibu wetu wote tunaujua. Mwenyekiti anafungua na msimamo wake, anafuata mtu anayeheshimika anaunga mkono, wa tatu anasema sina la kuongeza wameshamaliza, alafu tunaombwa wanaokubali wanyooshe mikono. Nani atabaki ameshusha mkono wake mbele ya mwenye nyumba anayompangisha, mbele ya bosi wake, mbele ya mkwe wake? Tunaita makubaliano, ila kiukweli watu wamesoma hali ya hewa wakajilinda.

Miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch alifanya jaribio ambalo bado linafundishwa. Watu walionyeshwa mistari na kuulizwa upi unalingana urefu na mwingine, kitu ambacho mtu akiwa peke yake karibu hakosei. Ila kwenye chumba walikaa na wenzao ambao walikuwa wamepangwa mapema watoe jibu la uongo kwa sauti moja. Karibu theluthi moja ya majibu ya yule asiyejua mpango yakaufuata ule uongo. Na hiyo ni mistari ya kuchora kwenye kadi! Hakuna eneo la kugawana pale, hakuna shule ya mtoto wa mtu, hakuna wa kumuogopa ukikutana naye kesho asubuhi. Mimi kinachonipa nguvu ni sehemu ya pili ya jaribio: alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema ukweli, kufuata mkumbo kulishuka sana. Mmoja! Ndo maana namuomba mwezeshaji aulize "nani analiona tofauti?" na anayejitokeza ashukuriwe kweli, asiulizwe kwa ukali "we ulikuwa wapi siku zote," kama ilivyowahi kutokea na wote tulikuwepo.

Kuna njia nyingine ambayo nimeshaipendekeza kwenye ile barua yangu, njia yenyewe ilielezwa na watafiti Andre Delbecq na Andrew Van de Ven mwaka 1971. Inaanza na ukimya: kila mtu dakika chache anaandika mawazo yake peke yake. Alafu mnazunguka, kila mtu anatoa wazo moja, linaandikwa ubaoni kama alivyolisema, hakuna kulijadili wala kulikejeli, mzunguko unaendelea mpaka mawazo yaishe. Baada ya hapo ndo mnaulizana maana ya kila kitu. Mwisho kila mtu anachagua vipaumbele vyake kwa siri kwenye karatasi na mnajumlisha. Asiyeandika anamwambia jirani amuandikie, au mwezeshaji anapita kuchukua wazo lake kwa mdomo. Inahitaji karatasi na kalamu tu, haihitaji projekta.

Na msidhani kuacha watu waongee kwa kupokezana tu inatosha. Wanasaikolojia Michael Diehl na Wolfgang Stroebe mwaka 1987 walionyesha kwamba kwenye kundi, kule kungoja zamu yako wakati mwingine anaongea ndo kunaua mawazo mengi, unasahau, unajikuta unasikiliza la mwenzako, unaona lako halina maana tena unaliacha. Kuandika kwanza kunaliokoa.

3. Wasiosikia na wasioona wapo ukumbini, mkutano haupo kwao

Hapa naomba mnivumilie nitarefusha.

Kuna kijana kiziwi anakuja karibu kila mkutano na dada yake. Dada ndo anamtafsiria kwa lugha ya alama, na dada huyo sio mkalimani wa kusomea, ni dada tu. Mtu anaongea dakika nzima, yeye anapata nafasi ya kumfupishia kwa alama mbili tatu kabla mwingine hajaanza, na wakiongea wawili kwa pamoja ndo anakata tamaa kabisa anaweka mikono mapajani. Siku moja ukumbi mzima ukaangua kicheko, kijana akamvuta mkono kumuuliza kuna nini, dada akamuashiria "baadaye." Kila kitu kwake ni baadaye. Na kuna upande ambao nadhani hamjauona: huyo dada naye ni mwanajamii, ana maoni yake, ana watoto wake wanaoguswa na hayo maamuzi, ila hajawahi kuchangia hata mara moja kwasababu mikono na akili yake vyote viko kazini. Kwa kutoleta mkalimani mnapoteza watu wawili.

Na mkija kuleta mkalimani msilete mmoja kwa mkutano wa masaa matatu. Kazi ile inachosha akili vibaya sana, ndo maana kawaida wanakuwa wawili na wanapokezana kila dakika 20 hadi 30. Wapeni ajenda na majina mapema wajiandae. Wawekwe mbele penye mwanga, wasiwekwe dirishani ambapo jua linafanya uso na mikono yao iwe kivuli.

Alafu kuna hili la "mimi sauti yangu inatosha, sihitaji maiki." Naomba liishe. Sauti yako inamtosha mwenye masikio mazima. Anayevaa shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, kwenye ukumbi uliofungwa mfumo wa kupeleka sauti moja kwa moja kwenye kifaa chake anapata kile tu kilichopita kwenye maiki, ukiiweka pembeni umemkatia mawasiliano. Hata pasipo mfumo huo, wazee wengi wanasikia kwa shida na hawasemi. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya mwaka 2021 lilisema zaidi ya watu bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na kama milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Hamuwezi kuniambia kwenye ukumbi wetu hayupo hata mmoja.

Kwa wasioona kosa letu ni "kama mnavyoona hapa kwenye slaidi." Yeye haoni! Soma kilichopo. Ukionyesha ramani ieleze kwa maneno, ukionyesha jedwali taja namba. Na kila anayeongea ataje jina lake kwanza ili asiyeona ajue ni nani, jambo ambalo hata sisi wengine linatusaidia kuliko mnavyodhani.

Kumleta mkalimani naona kunachukuliwa kama hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006, na nchi zaidi ya 180 zimeshauridhia. Ibara ya 21 inazungumzia kupata taarifa kwa njia ambayo mtu anaweza kuitumia, lugha za alama na maandishi ya nukta nundu zikiwemo, na ibara ya 29 inazungumzia kushiriki kwenye mambo ya umma sawa na wengine. Kwahiyo yule kijana na dada yake wanadai chao.

4. Wanawake mnawaita, ila utaratibu wa kuamua unawafunga mdomo

Watafiti Christopher Karpowitz, Tali Mendelberg na mwenzao Lee Shaker walitoa mwaka 2012 matokeo ya vikundi vya watu watano watano waliopewa jambo la kujadili na kuamua. Pale wanawake walipokuwa wachache na uamuzi ni wa wengi wape, waliongea pungufu kabisa ya sehemu yao. Pale wanawake walipokuwa wengi kwa kanuni hiyohiyo, au walipokuwa wachache lakini kikundi kinatakiwa kukubaliana wote, ile tofauti ya muda ikaondoka. Wanawake ni wa aina ileile, kilichobadilika ni idadi yao mezani na kanuni ya uamuzi.

Sasa sisi vikundi vyetu vya majadiliano mnavigawa kwa kuhesabu moja mbili tatu nne tano, mwanamke anajikuta peke yake na wanaume wanne, alafu mnashangaa kwanini anabaki kuwa mwandishi. Na hilo la uandishi nalo mliangalie, anayeandika muda wote haongei, mpokezane. Kama wanawake ni wachache waliokuja, wawekeni pamoja kwenye vikundi viwili viwe na nguvu kuliko kuwatawanya mmoja mmoja ili kila kikundi kionekane kina mwanamke.

5. Viti

Hili ni fupi. Safu zinazotazama mbele zinamfanya kila mtu aone kisogo cha mwenzake na uso wa mwenyekiti, kwahiyo maongezi yote yanapita kwa mwenyekiti. Mwanasaikolojia Bernard Steinzor mwaka 1950 aliona kwamba watu waliokaa duara wanapokezana maneno zaidi na wale wanaowatazama kuliko waliokaa nao ubavuni. Pangeni duara, na kama tupo wengi pangeni maduara madogo madogo ya watu sita mpaka nane. Acheni nafasi ya kiti cha magurudumu ndani ya duara, sio mlangoni.

6. Saa ya mkutano

Mkutano wa asubuhi siku ya kazi unachagua nani aje. Mkutano wa usiku nao unachagua. Badilisheni badilisheni, na pawe na mtu wa kukaa na watoto. Vijana nao wakija wasiitwe kuimba na kupanga viti tu.

7. "Wajumbe wote waliafiki"

Haya maneno nimeyasoma kwenye muhtasari wa mkutano ambao kwa macho yangu niliona watu wawili wakipinga na wengine wengi hawakuulizwa. Hili ndo linalonisumbua kuliko yote kwasababu hayo mengine mnaweza kusema ni mazoea, ila hili linaandikwa, linagongwa muhuri, linapelekwa juu kama ushahidi kwamba jamii imeshirikishwa.

Sherry Arnstein, aliyefanya kazi na serikali ya Marekani kwenye mipango ya miji, mwaka 1969 alipanga ushirikishwaji kwenye ngazi yenye vidato nane. Viwili vya chini kabisa alisema sio ushirikishwaji, ni kuwachezea watu na kuwapoza. Vitatu vya katikati, yaani kupashwa habari, kuombwa maoni na kuridhishwa kwa kupewa kiti kwenye kamati, aliona ni vya kuonyesha tu, kwasababu maoni yanachukuliwa lakini hakuna kinachomlazimu mkubwa kuyafanyia kazi. Vitatu vya juu ndo mwananchi anashika uamuzi kwa kiasi fulani. Nawaomba mkae kama kamati mjiulize kwa ukweli sisi tupo kidato gani. Mkija kutuambia "leo tunawapasha habari tu, uamuzi umeshafanyika," sawa, tutajua tumekuja kusikia. Kinachoudhi ni kuitwa kutoa maoni juu ya jambo ambalo mkataba wake umeshasainiwa.

Muhtasari uandike waliopinga na sababu zao, uandike pia kipi kilichukuliwa na kipi kiliachwa na kwanini. Usomwe mkutano unaofuata kabla ya lolote.

Sasa najua majibu yatakayokuja, baadhi nimeshaambiwa ana kwa ana.

Mtasema muda hautoshi. Muda upo, tatizo ni unakwenda kwa nani. Chukueni saa mkutano ujao mpime tu, salamu za utangulizi na hotuba za wageni zinakula muda kiasi gani, na watu watatu wanaoongea sana wanachukua kiasi gani. Kugawa watu kwenye vikundi vidogo kunaongeza muda, maana kwenye duara kumi za watu sita wanaongea watu kumi kwa wakati mmoja badala ya mmoja.

Mtasema tukimpa kila mtu nafasi itakuwa vurugu. Henry Martyn Robert, afisa wa jeshi la Marekani, alipoandika kanuni za kuendesha mikutano mwaka 1876 aliweka kwamba mtu asiongee mara ya pili kwenye hoja ileile mpaka kila anayetaka kuongea awe ameshaongea. Mwanajeshi huyo, anayependa utaratibu! Kanuni hiyo pekee ikifuatwa ukumbini kwetu, nusu ya barua hii isingekuwa na sababu.

Mtasema anayenyamaza amekubali, milango iko wazi na maiki ipo. Nimeshalijibu huko juu.

Mtasema mambo haya ni ya kitaalamu, watu wa kawaida hawayawezi. Ireland kati ya 2016 na 2018 walikusanya wananchi 99 waliochaguliwa kwa bahati nasibu pamoja na mwenyekiti, wakawakalisha meza ndogo ndogo, kila meza na mwezeshaji wake na mtu wa kuandika, wakasikiliza wataalamu wa pande tofauti wakajadili. Moja ya waliyojadili ni katazo la utoaji mimba lililokuwa kwenye katiba yao, jambo lililoigawa nchi ile kwa miaka mingi na wanasiasa walikuwa wanalikwepa. Mapendekezo yao yakaenda bungeni na mwaka 2018 wananchi wakapiga kura ya maoni. Uwe unakubaliana na uamuzi wao au hukubaliani, hakuna anayeweza kusema watu wa kawaida walishindwa kujadili jambo zito.

Na kwa anayeona hii yote ni ya kuwafurahisha watu tu, mtafiti Anita Woolley na wenzake mwaka 2010 walipima uwezo wa vikundi kutatua kazi mbalimbali, wakakuta uwezo wa kikundi hauendi sana na akili ya mtu mmoja mmoja aliyemo, unaenda na mambo kama watu kusomana hisia na kugawana zamu za kuongea. Vikundi ambavyo wachache walitawala maongezi vilifanya vibaya zaidi. Maamuzi yetu mabovu ya siku za nyuma, na mnayajua, yalipitishwa na mikutano ambayo wanaojua tatizo walikuwa wamekaa nyuma kimya.

Mtasema bajeti. Kusubiri sekunde kumi ni bure. Duara ni bure. Mwenyekiti kutoa maoni yake mwisho ni bure. Kutaja jina kabla ya kuongea ni bure. Kinachohitaji hela ni wakalimani na ukumbi wenye njia ya kiti cha magurudumu, na hapo naomba mtuonyeshe bajeti ya mkutano ilivyo tuone kipi kinatangulia nini. Tupo tutakaochangia kama shida ni hiyo kweli.

Kwahiyo ombi langu, na ninaliweka hapa kila mtu alione:

Kwanza, kabla ya mkutano ujao mteue wawezeshaji ambao hawana maslahi kwenye ajenda, mwenyekiti abaki kufungua, kufunga na kuongea mwisho. Wafundishwe, hata siku moja inatosha kuanzia.

Pili, wakalimani wawili wa lugha ya alama kila mkutano mkubwa, na tangazo la mkutano liwe na sehemu ya mtu kusema anahitaji nini ili ashiriki, aulizwe yeye mwenyewe na sio ndugu yake.

Tatu, jambo lolote la kuamua lianze na kuandika kimya au maongezi ya wawili wawili, na kura iwe ya siri.

Nne, atafutwe mtu wa kuandika nani ameongea na kwa muda gani, bila kutaja majina, mnaweza kuweka tu mwanamke, mwanaume, kijana, mzee, mwenye ulemavu, safu ya mbele au ya nyuma. Matokeo yabandikwe ubaoni pamoja na muhtasari. Hili moja mkilifanya kwa uaminifu nitatulia hata kama mengine yatachelewa, maana hayo matokeo yenyewe yatayadai.

Tano, nijibiwe kwa maandishi na hadharani kama nilivyoandika. Mkikataa kipengele semeni mnakataa na sababu iwepo, "tumepokea" imeshatolewa tayari.

Nipo tayari kukaa na kamati siku yoyote, na kujitolea kwenye huo uandishi wa zamu za kuongea mkinihitaji. Ila nikiitwa naomba tuitwe na yule kijana na dada yake, na mkalimani awepo siku hiyo, ili na dada aweze kuongea ya kwake.

Wenu katika ujenzi wa jamii,

Mshiriki wa mikutano yenu

Nakala: Wajumbe wa kamati ndogo zote
Wawezeshaji wa vikundi
Washiriki wote wa mikutano